SHILINGI YA KENYA NA SHILINGI YA TANZANIA: ZILIANZA SAWA, MBONA LEO HAZILINGANI?

Bismillahir Rahmanir Rahim

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.



Wengi wetu tuna jamaa pande zote mbili za mpaka. Utamkuta mtu baba yake ni wa Mombasa na mama yake ni wa Tanga, au shangazi yake ameolewa Unguja na mjomba wake anafanya biashara Taveta. Watu hawa wakitembeleana kwenye harusi au msibani, hawakosi kupita kwa wabadilishaji fedha wa Lungalunga na Horohoro, au Namanga, au Holili. Hapo ndipo mtoto humuuliza mzee wake: "Kwa nini nikitoa shilingi moja ya Kenya napewa shilingi nyingi za Tanzania? Si zote ni shilingi?"

Swali hilo ni zuri, na wakubwa wengi hulijibu kwa mkato tu: "Kwa sababu pesa ya huku ina nguvu." Jibu hilo halitoshi. Mwaka 1966 shilingi hizi mbili zilikuwa sawa kabisa, moja kwa moja. Na katika mwaka 1983, kwa bei ya serikali, shilingi ya Tanzania ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko ya Kenya! Katika makala hii tutaeleza, inshaallah, jinsi hali ilivyobadilika, namna ya kufanya hesabu yake, na kwa nini jambo hili linamhusu Muislamu anayekopa, anayekopesha, anayedaiwa mahari au anayegawa mirathi.

FEDHA ZA MABABU ZETU

Kabla ya shilingi, pwani yetu ilitumia fedha za namna nyingi. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Unguja na Mombasa walitumia reale ya Maria Theresa, ambayo ni sarafu ya fedha iliyotengenezwa Austria, pamoja na rupia ya Kihindi. Mwaka 1299 Hijria, sawa na 1882 Miladia, Sayyid Barghash bin Said wa Zanzibar alitoa sarafu zake mwenyewe: riyali na pesa. Kwa hesabu ya wakati ule rupia moja ilikuwa pesa 64, na riyali moja ilikuwa pesa 136. Yaani riyali moja ilikuwa rupia 2 na sehemu moja ya nane.

Basi wazee wetu walijua kubadilisha fedha zamani sana, kabla ya kuwepo Benki Kuu yoyote. Hata maneno yetu yanatupa ushahidi. Neno "pesa" limetoka kwenye paisa ya Kihindi. Neno "hela" limetoka kwenye heller, sarafu ndogo ya Wajerumani waliyoitumia Tanganyika tangu 1904, ambapo heller 100 zilifanya rupia moja. Neno "fedha" ni la Kiarabu, na maana yake ni ile madini yenyewe ya fedha.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia rupia ilileta mtihani mkubwa. Kabla ya vita rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza, yaani kila rupia ilikuwa peni 16. Bei ya madini ya fedha ilipopanda duniani, rupia nayo ilipanda, na mwaka 1920 ikawekwa kuwa peni 24. Aliyekuwa na deni la rupia akaona deni lake, likipimwa kwa pauni, limeongezeka kwa nusu nzima bila ya yeye kukopa tena. Tulikumbuke jambo hili, kwani tutalirudia mbele.

Mwaka 1921 ikaingizwa shilingi ya Afrika Mashariki. Iliyosimamia ni Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 na kuwa na makao yake London. Shilingi 20 zilikuwa sawa na pauni moja. Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi hiyo moja, na Zanzibar ikajiunga mwaka 1936, ambapo rupia ya Zanzibar ilibadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Kwa miaka 30 baada ya hapo mtu aliweza kutoka Lamu hadi Mtwara, au Mombasa hadi Kampala, bila kubadilisha hata senti moja.

MWAKA 1966: SHILINGI MOJA YAZAA TATU

Baada ya uhuru, kila serikali ilitaka kusimamia fedha zake kwa mipango yake. Mazungumzo ya kubaki na shilingi moja hayakufaulu, na mwaka 1965 ikaamuliwa kila nchi iwe na Benki Kuu yake. Tanzania ilitoa shilingi yake Juni 1966, Uganda Agosti, na Kenya Septemba mwaka huo huo.

Zote tatu zilianza kwa thamani ile ile ya shilingi ya zamani. Dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti 14, ya Kenya na ya Tanzania sawasawa. Uingereza ilipopunguza thamani ya pauni Novemba 1967, nchi zetu hazikufuata. Pauni iliyokuwa shilingi 20 ikawa kama shilingi 17 na senti 14. Mwaka 1975 Kenya na Tanzania ziliacha kuifunga shilingi kwenye dola, zikaifunga kwenye kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) kinachochanganya sarafu kubwa kadhaa za dunia. Hata hapo zilikwenda pamoja, na kwa bei rasmi shilingi moja ilikuwa kwa moja.

Lakini kuwa sawa kwenye karatasi si kuwa sawa sokoni. Kila nchi ilishika njia yake ya uchumi. Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 na kutaifisha mabenki na viwanda vikubwa. Kenya iliwaachia zaidi wafanyabiashara binafsi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi Novemba 1983. Ndugu wakawa wanatazamana ng'ambo hii na ng'ambo ile.

JADWALI YA SHILINGI MBILI

Itazameni jadwali hii kwa makini. Isipokuwa mwaka 1966, ambapo bei ilikuwa imewekwa, namba ni wastani wa mwaka mzima na zimekaribishwa kidogo ili zisomeke kwa urahisi. Safu ya mwisho inaonyesha shilingi moja ya Kenya ilikuwa sawa na shilingi ngapi za Tanzania.

Mwaka | Dola 1 kwa Sh. za Tanzania | Dola 1 kwa Sh. za Kenya | Sh. 1 ya Kenya
1966 | 7.14 | 7.14 | 1.0
1980 | 8.20 | 7.42 | 1.1
1983 | 11.1 | 13.3 | 0.8
1985 | 17.5 | 16.4 | 1.1
1987 | 64.3 | 16.5 | 3.9
1990 | 195 | 22.9 | 8.5
1993 | 405 | 58.0 | 7.0
1995 | 575 | 51.4 | 11.2
2000 | 800 | 76.2 | 10.5
2005 | 1,129 | 75.6 | 14.9
2010 | 1,400 | 79.2 | 17.7
2015 | 1,991 | 98.2 | 20.3
2020 | 2,294 | 106.5 | 21.5
2023 | 2,383 | 139.8 | 17.0

Tunaona mambo manne. Kwanza, kwa takriban miaka 20 ya mwanzo shilingi hizi zilikwenda bega kwa bega. Pili, baina ya 1985 na 1990 shilingi ya Tanzania ilishuka kwa kasi kubwa sana. Tatu, shilingi ya Kenya nayo imeshuka mbele ya dola, ila kwa mwendo wa polepole zaidi. Nne, safu ya mwisho haipandi siku zote: ilishuka mwaka 1993, na ikashuka tena mwaka 2023.

KWA NINI YA TANZANIA ILISHUKA ZAIDI?

Fedha ya nchi ni kama bidhaa. Ikihitajiwa na wengi hupanda bei, na ikiwa nyingi kuliko haja hushuka. Nchi hupata dola kwa kuuza bidhaa nje, na hutumia dola kununua mafuta, mashine, dawa na mbolea. Ikiwa inayouza ni kidogo na inayonunua ni kingi, dola huwa adimu na bei yake hupanda.

Tanzania ilipatwa na mambo mengi kwa pamoja. Bei ya mafuta ya petroli ilipanda sana mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin, 1978 hadi 1979, vilikula fedha nyingi. Mazao yaliyoleta dola, kama mkonge wa Tanga na pamba, yalipungua, na Zanzibar soko la karafuu lilianguka miaka ya 1980 kwa sababu Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ilianza kujitosheleza kwa karafuu zake. Mashirika mengi ya umma yalikuwa yanapata hasara, na serikali ikaziba pengo kwa kukopa Benki Kuu, yaani kwa kuongeza noti.

Noti zikiongezeka na bidhaa hazikuongezeka, bei hupanda. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 bei nchini Tanzania zilipanda kwa karibu asilimia 30 kila mwaka. Tufanye hesabu ndogo. Kitu cha shilingi 100 mwaka wa kwanza kitakuwa shilingi 130 baada ya mwaka mmoja, 169 baada ya miaka miwili, na karibu 220 baada ya miaka mitatu. Bei imezidi mara mbili kwa miaka mitatu tu! Mwenye kuweka noti zake chini ya mto, noti zipo zote, lakini nusu ya nguvu zake imekwenda.

Sasa tunaweza kuifahamu ile ajabu ya mwaka 1983. Serikali ya Tanzania ilikuwa imeishika bei ya dola isipande, wakati Kenya ilikuwa imekwisha kuipunguza thamani ya shilingi yake mara kadhaa. Basi kwa bei rasmi shilingi ya Tanzania ilikuwa juu. Lakini nani aliyeweza kupata dola kwa bei hiyo? Wachache sana. Wazee wanakumbuka foleni za sukari, sabuni na mafuta ya taa, na wanakumbuka msako wa walanguzi wa mwaka huo huo wa 1983. Katika soko la magendo dola ilikuwa na bei ya juu mara kadhaa kuliko ile ya benki. Bei rasmi ilikuwepo, lakini haikuwa bei ya kweli.

Mwaka 1986, wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, Tanzania ilikubaliana na IMF na kuanza kuiachia shilingi ifuate bei ya soko. Dola iliyokuwa shilingi 17 na nusu mwaka 1985 ikafika 195 mwaka 1990. Kwa sehemu kubwa hili halikuwa anguko jipya. Ni kama mtu aliyefunika kidonda kwa kitambaa kwa miaka mingi. Siku ya kufunuliwa ndiyo watu huona ukubwa wake. Mwaka 1992 sheria ikaruhusu maduka binafsi ya kubadilisha fedha, na biashara iliyokuwa ya kichochoroni ikatoka hadharani.

NA KENYA JE?

Kenya haikusalimika. Mwaka 1992 dola moja ilikuwa shilingi 32 kwa wastani, na mwaka uliofuata ikawa 58. Fedha nyingi ziliingizwa mikononi mwa watu wakati wa uchaguzi wa 1992, wafadhili walizuia misaada, na kashfa ya Goldenberg ilipoteza mali nyingi ya umma. Mwaka 1993 bei zilipanda kwa karibu asilimia 46. Ndiyo maana katika jadwali yetu safu ya mwisho ilishuka mwaka huo: shilingi zote mbili zilianguka, lakini ya Kenya ilianguka kwa kishindo zaidi.

Jambo kama hilo limetokea tena miaka ya karibuni. Mwaka 2023 dola zilikuwa adimu Kenya na watu walikuwa na hofu juu ya deni kubwa la nje lililokuwa likikaribia muda wake. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160. Februari serikali ilipokopa upya na kununua sehemu kubwa ya deni lile, hofu ikapungua na kabla ya katikati ya mwaka dola ikarudi karibu na shilingi 130. Hapa tunajifunza kwamba imani ya watu nayo ina uzito wake katika bei ya fedha.

JE, NAMBA KUBWA NI ALAMA YA UMASIKINI?

Hapa wengi hukosea. Husikia "shilingi 20 kwa moja" wakadhani kwamba Mkenya ana utajiri mara 20 kuliko Mtanzania. Si kweli hata kidogo. Mwaka 2020 dola moja ilikuwa shilingi 106 za Kenya, na mwaka huo huo ilikuwa takriban yeni 107 za Japani. Yaani yeni na shilingi ya Kenya zilikaribia kulingana. Je, Japani na Kenya zimelingana kwa utajiri?

Tena, mwaka 2005 Uturuki ilifuta sifuri 6 kwenye fedha yake: lira milioni moja za zamani zikawa lira moja mpya. Uganda nayo mwaka 1987 ilifuta sifuri mbili. Aliyekuwa na mbuzi wawili aliamka na mbuzi wale wale wawili.

Kwa hiyo ukubwa wa namba ni kipimo tu, kama vile kupima kitambaa kwa inchi au kwa sentimita. Kinachodhuru watu ni kubadilika kwa kipimo hicho kwa ghafla, kwani mshahara na akiba hubaki nyuma huku bei zikikimbia.

NAMNA YA KUFANYA HESABU

Mara nyingi bei ya shilingi mbili hupatikana kwa kupitia dola. Chukua shilingi za Tanzania zinazonunua dola moja, gawanya kwa shilingi za Kenya zinazonunua dola hiyo hiyo. Mwaka 2020: 2,294 gawanya kwa 106.5, jawabu ni 21.5. Ukitoka Kenya kwenda Tanzania unazidisha. Ukitoka Tanzania kwenda Kenya unagawanya.

Kumbukeni pia kwamba duka la fedha lina bei mbili, ya kununua na ya kuuza. Tuseme duka linanunua shilingi ya Kenya kwa 18 na kuiuza kwa 19. Ukipeleka shilingi 10,000 za Kenya utapewa 180,000 za Tanzania. Safari ikivunjika ukazirudisha palepale, 180,000 gawanya kwa 19 ni shilingi 9,473 za Kenya. Umepungukiwa na zaidi ya shilingi 500 bila kununua hata andazi. Hiyo ndiyo faida ya mwenye duka. Kwa hiyo badilisha unachokihitaji tu.

DINI YETU INASEMAJE?

Kubadilisha fedha kwa fedha katika fiqhi huitwa sarf. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba dhahabu kwa dhahabu na fedha kwa fedha hubadilishwa sawa kwa sawa na mkono kwa mkono, zikitofautiana jinsi, kiasi kinaweza kuzidiana lakini ni lazima kukabidhiana papo hapo. Mwaka 1986, katika kikao chake cha Amman, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipitisha kwamba noti za karatasi ni fedha kamili, na hukumu za riba na zaka zinaingia ndani yake. Shilingi ya Kenya na ya Tanzania ni jinsi mbili. Kutoa moja na kupokea 20 si riba, maadamu hamuachani mpaka kila mmoja ameshika chake. Ama kusema, "Nipe zako leo, zangu nitakuletea Ijumaa," hilo halifai katika kubadilisha.

Deni nalo lina hukumu yake. Tuseme mtu wa Mombasa alimkopesha binamu yake wa Tanga shilingi 10,000 za Tanzania mwaka 1985. Kwa bei rasmi zilikuwa sawa na shilingi 9,400 hivi za Kenya. Akilipwa mwaka 1995 shilingi 10,000 zile zile, ni sawa na shilingi 890 hivi za Kenya. Je, amdai zaidi?

Mwaka 1988, katika kikao cha Kuwait, Baraza hilo hilo lilipitisha kwamba deni la fedha hulipwa kwa mfano wake, si kwa thamani yake. Aliyekopa 10,000 hulipa 10,000, wala haifai kuweka sharti la nyongeza kwa sababu ya kupanda kwa bei. Wakikubaliana siku ya kulipana kwamba alipe kwa fedha nyingine, yafaa, kwa bei ya siku hiyo ya malipo. Ikiwa mdaiwa mwenyewe, kwa hiari yake na bila sharti, ataongeza kitu, huo ni wema, na Mtume (S.A.W.) amewasifu wanaolipa vizuri. Fedha ikianguka vibaya sana wanavyuoni wana maelezo zaidi, na wahusika wawaendee masheikh wakasuluhishwe.

Lakini angalieni dhima iliyopo. Sheria inapomkataza mkopeshaji kudai nyongeza, haimpi mdaiwa ruhusa ya kuchelewesha. Mwenye uwezo anayemzungusha mwenzake amemdhulumu, na katika nchi ambayo fedha inashuka, dhuluma hiyo inaonekana hata kwa macho.

Mfano ulio wazi zaidi ni mahari. Mwanamke aliyeolewa Tanzania mwaka 1980 kwa mahari ya shilingi 5,000, kwa bei rasmi mahari hayo yalikuwa dola 610. Ikiwa mume hakuyalipa mpaka mwaka 2020, shilingi 5,000 zilikuwa sawa na dola 2 na kidogo. Hazifiki hata thamani ya doti moja nzuri ya kanga. Haki ya mtu imeyeyuka kama barafu, na hakuna aliyeiba ila muda. Basi enyi vijana, mkija kuoa lipeni mahari mapema. Nanyi wazazi, mahari yakiwa ya kucheleweshwa, yafaa kuyataja kwa kitu kinachohifadhi thamani, kama uzito maalumu wa dhahabu.

Vilevile katika mirathi. Marehemu akiacha shilingi za Kenya benki Mombasa na shilingi za Tanzania Tanga, zipigiwe hesabu kwa bei moja ya siku ya kugawa, mbele ya warithi wote. Bei ya miaka mitano nyuma itampunja mmoja na kumpendelea mwingine.

Hata Hijja inaguswa. Riyali ya Saudia imefungwa kwenye dola tangu 1986, riyali 3.75 kwa dola moja. Tuseme gharama ya safari ni dola 4,000 na haikubadilika. Kwa wastani wa mwaka 2015 Mkenya alihitaji shilingi 392,800. Kwa wastani wa 2023 alihitaji 559,200. Aliyekuwa akiweka akiba kidogo kidogo kwenye kibubu aliikuta safari imemkimbia.

TUTARUDI KWENYE SHILINGI MOJA?

Mkataba wa kuihuisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Tarehe kama hiyo mwaka 2013, mjini Kampala, viongozi walitia saini itifaki ya kuwa na sarafu moja. Lengo lilikuwa mwaka 2024. Halikufikiwa, na likasogezwa hadi 2031. Sababu mtaifahamu mkiitazama tena jadwali yetu: sarafu moja hutaka serikali zote zijizuie kwa pamoja katika kukopa, kutumia na kupanda kwa bei. Mwaka 1965 wazee walishindwa kukubaliana juu ya mambo hayo hayo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mwaka 2005 mtu alibadilisha shilingi 3,000 za Kenya. Kwa jadwali yetu, alipata takriban shilingi ngapi za Tanzania?

2. Kwa nini bei rasmi ya mwaka 1983 haikuonyesha hali ya kweli?

3. Juma amemkopesha Salma shilingi 20,000 za Kenya. Siku ya kulipa wamekubaliana alipe kwa shilingi za Tanzania. Watumie bei ya siku gani?

4. Muulize babu au bibi yako: alipokuwa na umri wako, senti 50 (thumni) ilinunua nini? Andika jawabu lake na ulete darasani.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie tuwe wenye kulipa haki za watu kwa wakati, na atubarikie kidogo tulicho nacho. Amin.

Wabillahi tawfiq.